Baba alizuia mtoto wa jicho kwa karoti, kisha akatuchagulia ng'ombe mwenye jicho jeupe

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa jukwaani. Juzi nimepita kwenye uzi wa jamaa anayefundisha "kuzuia mtoto wa jicho kwa njia za asili", comments zote ni "asante mkuu, ubarikiwe". Nikasema leo na mimi niandike. Haya yametokea nyumbani kwetu, na chumvi nimeiacha jikoni.

Kwetu ni upande wa Kiptere, Kericho. Hii ni miaka ya tisini. Baba alikuwa na shamba la majani chai, ng'ombe wa maziwa wachache, na sifa moja kubwa: alijua ng'ombe. Mtu akitaka kununua mnyama, anamchukua baba. Mzee anasimama tu kwenye ua, hamshiki mnyama wala hamfungui mdomo. Anaangalia, anasema huyu chukua, huyu acha. Na alikuwa hakosei.

Halafu macho yake yakaanza kuingia ukungu.

Hakusema. Sisi tuligundua kwenye kituo cha kuuzia majani chai. Pale mkulima anamwaga majani yake juu ya gunia, anayachambua, anatoa yaliyokomaa, ndipo karani anapima. Majani ya baba yakaanza kurudishwa kila mara. Yeye akatuambia karani ana chuki na ukoo wetu. Siku moja mama akachungulia kikapu, akakuta majani magumu, vijiti, na soksi ya mtoto. Akaitoa soksi, akaenda kuifua.

Ndipo akatokea mtu mmoja soko la Sigowet aliyejiita Mwalimu wa Afya.

Alikuwa na suti ya kahawia, spika inayokoroma, na picha kubwa ya jicho iliyochorwa kwa rangi ya kuta. Akasema mtoto wa jicho haji mwenyewe, sisi ndio tunamwita kwa maisha tunayoishi. Kula karoti na mboga za kienyeji. Vaa kofia juani. Acha sigara. Kaa mbali na moshi wa jikoni. Kila alfajiri, kabla hujaongea na mtu, tazama kitu cha kijani mpaka macho yalowe. Na zaidi ya yote, acha chai.

Wakuu, huyu mtu alisimama katikati ya Kericho, akawaambia wakulima wa chai kwamba chai inaua macho. Na watu wakapiga makofi.

Baba alirudi ameokoka. Chai ikapigwa marufuku nyumbani siku hiyo hiyo. Tukawa tunachuma kila wiki, tunauza, dhamiri safi kabisa, macho ya wanywaji watajua wenyewe huko waliko. Mgeni akija anapewa maji moto yenye karoti iliyokwanguliwa. Kwetu mgeni kuondoka bila chai ni matusi, kwa hiyo taratibu tukaacha kupata wageni. Mama Wambui, jirani yetu kutoka Nyeri aliyekuwa akiuza mboga sokoni, alianza kumuita baba "customer wangu wa nguvu".

Hiyo ya kijani ndiyo iliniua mimi. Kericho yote ni kijani. Ukifungua mlango ni kijani, ukianguka unaangukia kijani. Kama kutazama kijani kungetibu, sisi watu wa huku tungekuwa tunasoma gazeti la mtu akiwa Nakuru. Lakini alfajiri unamkuta mzee amesimama kwenye baridi, ametumbulia majani chai macho, machozi yanamtoka, anasema dawa inafanya kazi.

Ile ya sigara hakuisikia. Nilipomkumbusha akaniambia spika ilikuwa mbovu sehemu hiyo. Kofia pia akasema inamzuia kuona kijani.

Basi mzee akala karoti mpaka viganja vikageuka manjano. Mama akamkimbiza dispensary akidhani ni ini. Nesi akamuuliza anakula nini, baba akajibu kwa fahari, nesi akatoka nje kidogo akarudi amejipangusa uso.

Sasa, hakuwa peke yake katika dini hii. Alikuwa na mwenzake, mzee Kiprono. Walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu watu wa rika moja ni zaidi ya ndugu. Hawafichani kitu. Angalau ndivyo tunavyoambiwa.

Hapo ndipo dada yangu Chebet akapata mchumba, kijana wa Sigor, kule Bomet. Koito, yaani kikao cha posa, kikafanyika vizuri. (Mama alipika chai kwa jirani, ikaingia kwa mlango wa nyuma.) Likabaki jambo moja: upande wetu kwenda Sigor kuchagua ng'ombe wa mahari. Unaonyeshwa kundi, unachagua mwenyewe, na ukishachagua umechagua.

Nani angekwenda kama si baba? Na angekwenda na nani kama si Kiprono?

Mimi nilifuatana nao. Wenyeji wakatoa kundi zuri, wakasimama kando kwa heshima, maana sifa za mzee zilikuwa zimefika mpaka huko. Baba akasimama kwenye ua kama zamani. Akaangalia muda mrefu. Kisha akamuuliza mwenzake taratibu, "Kiprono, wewe unaonaje?"

"Mimi naona vizuri," Kiprono akasema. "Na wewe?"

"Vizuri sana."

"Basi sisi tunaona kitu moja."

Kweli walikuwa wanaona kitu kimoja: ukungu. Kiprono naye macho yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja aliegemea macho ya mwingine.

Baba akawachagua wengine salama, nadhani kwa bahati. Halafu akanyoosha mkono kwa ng'ombe mmoja mwekundu. "Na hii. Hii ndiyo mama ya boma. Tazama hiyo macho yake."

Wakuu, yule ng'ombe jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha. Mtoto wa jicho alikuwa ameshakua, ameoa. Nikamshika baba koti, akautoa mkono wangu. Kijana hamkatizi mzee mbele ya wakwe. Wale wenyeji wakatazamana. Baba wa yule kijana akajaribu kwa adabu, "Mzee, labda uangalie mara ya pili."

"Mimi siangaliangi mara mbili," baba akasema.

Wakamtoa yule ng'ombe kundini. Baadaye shemeji aliniambia walidhani watu wa majani chai wanajua siri fulani ya ng'ombe wa namna hiyo.

Alipoletwa nyumbani, yule ng'ombe aliingia kwenye majani chai ya jirani, akatumbukia mtaroni, akakigonga choo. Jirani ndiye aliyesema jicho ni bovu. Baba akawaka. Wakwe ni wezi, wamembadilishia ng'ombe njiani, posa imekufa, na mali yao irudi Sigor yote. Chebet akajifungia ndani analia. Nilikasirika siku ile kuliko nilivyowahi kukasirika. Msichana wa watu anakosa mume kwa sababu mzee hataki kusema haoni.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alimwekea maji ya karoti, akasema kwa upole, "Baba Chebet, hawa watu lazima tuwashike na ushahidi. Twende hospitali ya misheni, daktari wa macho aandike kwamba macho yako iko sawa. Tukienda Sigor na hiyo, watasema nini?"

Baba alipenda sana hilo wazo. Alivaa tai.

Daktari akammulika na tochi, akamsikiliza habari za karoti mpaka mwisho, bila kumcheka. Akasema, "Mzee, karoti ni chakula kizuri, endelea kula. Sigara kweli uache, na kofia uvae, inasaidia kumchelewesha. Lakini huyu ameshafika. Hakuna jani litamtoa. Ni kisu kidogo tu."

Akafanyiwa jicho moja. Aliporudi alipita moja kwa moja mpaka kwa yule ng'ombe mwekundu, akamtazama kutoka mbele, kisha kutoka upande. Akaingia ndani, akamwambia Chebet ajiandae na harusi, na akaomba chai.

Ningependa uzi uishie hapo, tucheke tuachane.

Lakini baba alikuwa amehubiri sana. Angeanzia wapi kusema ni kisu? Watu walipoona anatembea bila kupapasa, walimuuliza amefanyaje, naye akajibu, "Karoti." Kule hospitali, akasema, alikwenda kupimwa tu. Sisi wote tulikatazwa kufungua mdomo. Mwalimu wa Afya akampandisha jukwaani Sigowet kama shahidi, na baba akashuhudia, mkono kifuani.

Kiprono alikuwa pale, mstari wa mbele. Akaenda nyumbani akaongeza karoti.

Aliongeza mpaka giza likafunga kabisa, na jicho moja likaanza kumuuma hadi akawa anagonga kichwa ukutani. Mkewe alikuja kwetu analia. Ndipo baba alipokwenda, nami nikiwa nyuma yake. Akaketi karibu na kitanda cha mwenzake, akamweleza yote. Hospitali, tochi, kisu.

Kiprono akageuzia uso upande wa sauti. Nilidhani angetukana. Akauliza tu, "Iliuma?"

"Hapana," baba akasema. "Wanaweka dawa. Husikii kitu."

"Mimi nilikuwa naogopa hiyo tu," Kiprono akasema. "Ungeniambia hiyo moja."

Hawa ni wanaume waliosimama pamoja mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, na woga wa kisu ndio walioshindwa kuambiana.

Tulimpeleka kesho yake. Daktari akasema lile jicho la maumivu limekufa, presha ya ndani ya jicho imeua mshipa wa kuonea. La pili aliliokoa. Baba aliacha sigara wiki ile, bila mhubiri, na sokoni akaanza kusema ukweli hata kwa wasiomuuliza.

Wakuu, mboga kuleni. Kofia vaeni, sigara acheni, sukari pimeni. Mimi mwenyewe nakula karoti mpaka leo. Lakini jicho likishakuwa jeupe, hayo yote ni mapambo.

Wenye majani ya kutafuna na mafuta ya kudondoshea, najua mnakuja, uwanja ni wenu, nipondeni. Ila ambaye ana mzee nyumbani anayesema "mimi naona vizuri", aache kunijibu kwanza. Aende akamwambie haiumi.