Oliva wa Kwenye TV

Harufu ya transfoma iliyopata moto naijua kuliko harufu ya ubani, na mimi ni mtoto niliyekulia misheni. Ni harufu ya waya unaoiva polepole. Nyumbani kwa baba mdogo kule Makambako ilichanganyika na moshi wa mkaa na mvuke wa viazi vya kuchemsha, kiasi kwamba mpaka leo nikipita mbele ya kibanda cha fundi redio mate hunijaa mdomoni na papo hapo roho hunichafuka. Ilikuwa likizo ya Juni, nikiwa darasa la sita. Kwetu Mjimwema, Njombe, sakitu, ile barafu ya alfajiri, ilikuwa imeunguza majani ya viazi yakawa meusi, na mama akaona heri nikakae kwa baba mdogo, kwa hoja kwamba Makambako hakuna baridi, kuna upepo tu. Aliyewahi kusimama karibu na reli ya Makambako mwezi wa Juni anajua hoja hiyo ina uzito gani. Tuliziba madirisha kwa magunia, tukajifungia sebuleni na jiko la mkaa, na katika sebule hiyo nilifanya jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sitaki umri huo unitetee.

Baba mdogo alikuwa na basi dogo lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu. Fundi alipong'oa kiti cha nyuma ili aongeze siti, alikuta boksi gumu, na ndani yake mashine ya gemu ya rangi ya kijivu, rimoti moja yenye vitufe vinne vya rangi, na kaseti moja tu. Bila shaka kuna mtoto wa Kijapani aliyelia sana kwa ajili ya boksi lile. Mashine za kule zinataka umeme mdogo kuliko wetu, kwa hiyo fundi redio alitutengenezea transfoma kubwa kama tofali, ambayo baada ya saa moja hukuweza kuigusa. Picha nayo ilikataa rangi. TV ya baba mdogo na mashine ile hazikuelewana, tukaona kila kitu kwa weusi na weupe, na mistari ikipanda taratibu kutoka chini kwenda juu. Gemu lenyewe lilikuwa la watu wanaosafiri: kijana mwenye upanga, mzee mfupi mwenye ndevu, na msichana anayewaponya wenzake. Walitoka kijiji hiki kwenda kile, wakaongea na kila waliyekutana naye, wakaingia mapangoni. Hata kupigana walipigana kwa zamu, huyu anapiga kisha anasubiri, yule anapiga kisha anasubiri, kwa adabu ya watu waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga. Na kila baada ya hatua chache lilitokea boksi la maneno, yote kwa Kijapani.

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa ufalme. Mtaani kwetu Mjimwema alikuwa amepanga mwalimu wa Kijapani, kijana aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari, na aliwahi kunifundisha kuhesabu mpaka tano: ichi, ni, san, shi, go. Huo ndio ulikuwa utajiri wangu wote wa Kijapani. Lakini siku ya kwanza Ditrick, mtoto wa baba mdogo, aliyenizidi nguvu na kunizidi kila kitu isipokuwa maneno, aliponiuliza boksi linasema nini, nilihesabu mpaka tano kwa sauti nzito, kisha nikamtafsiria. Akaamini. Tangu hapo hakuna boksi lililopita bila mimi. Niliwaambia kijana anatafuta ng'ombe wa baba yake walioibwa, yule mzee mfupi ni mjomba wake mlevi wa ulanzi, na mfalme ni mkuu wa wilaya. Tukikwama, nilisema Ditrick kaenda asikotumwa. Nilinogewa kwelikweli. Shuleni nilikuwa wa kwanza na hakuna aliyenijali, lakini pale Makambako watoto wa jirani walikuja kukaa sakafuni wakinitazama mdomoni.

Wiki ya pili akaletwa Ezelina. Alikuwa binamu yetu, mtoto wa shangazi Oliva, ana miaka tisa, mwembamba, sweta aliloazimwa limemfika magotini. Baba yake alikwishafariki, na shangazi alikuwa amelazwa hospitali ya Bulongwa, hivyo watu wazima wakaamua mtoto akae kwa mjomba wake mpaka mama apone. Walisema hivyo, mpaka apone, kwa sauti ya watu wasioamini wanachokisema. Kila asubuhi Ezelina alimsalimia baba mdogo kwa magoti kisha akamuuliza, "Mjomba, mama ataruhusiwa lini?" Naye baba mdogo alijibu, "Karibuni, mama," akatoka haraka kwenda stendi.

Kwa ajili yake tulianza gemu upya, na gemu likiwa jipya lilikuuliza majina ya wale watatu. Kulikuwa na nafasi tano za herufi, na miongoni mwa herufi zile za Kijapani zilikuwemo pia hizi zetu. Ditrick alijiandika yeye kwenye kijana wa upanga, jina likaishia DITRI. Mimi nilimpa mzee mfupi jina la mwalimu wangu mkuu. Msichana wa kuponya tukamwachia Ezelina, naye akaandika OLIVA, herufi moja moja, ulimi ukiwa nje. Mama mdogo alikuwa anapita na sufuria, akasoma, akasimama. "Jina la mgonjwa mnaliweka kwenye TV? Mna wazimu? Futeni hilo!" Kwetu jina la mtu aliye kitandani halichezewi. Nikamwambia mashine haifuti. Sikujua kama inafuta au haifuti, ila nilijua kwamba tukianza upya tena ningepoteza siku nzima. Ezelina alimpenda Oliva wa kwenye TV kupita kiasi. Kila vita ilipokwisha alimponya yeye kwanza, hata kama hakuguswa, na Ditrick alipolalamika kwamba dawa zinaisha alisema, "Acha apumzike kidogo, ametembea sana."

Siku moja akaniumbua. Tulikuwa watoto sita pale sebuleni, boksi likatokea, nikatafsiri, naye akauliza kwa upole kabisa, bila nia mbaya, "Dada, jana neno hilihili si ulisema ni ng'ombe? Mbona leo ni mlango?" Watoto wa jirani wakageuka kunitazama. Nikamwambia Kijapani si Kikinga chetu cha nyumbani, kina maana nyingi, wakacheka, ikapita. Kwangu haikupita. Nililala nayo kifuani nikaamka nayo, na kesho yake zamu ya kushika rimoti ikamwangukia Ezelina. Kijana, mzee na Oliva waliingia kwenye hekalu lililojaa maji. Akatokea mtu mwenye joho, bila vita, bila foleni, akamchoma Oliva mgongoni. Ezelina alibonyeza vitufe vyote kwa vidole vyote. Oliva akaanguka taratibu, muziki ukabadilika, wenzake wakainamisha vichwa, kisha likaja boksi lenye mstari mmoja na chini yake maneno mawili mafupi.

"Dada, linasemaje?" Ditrick akauliza.

Nikajifanya nasoma. "Linasema amekufa kwa sababu aliyeshika rimoti amechelewa kubonyeza."

"Nimebonyeza, dada," Ezelina akasema.

"Umechelewa. Umemuua mama yako."

Ditrick alianza kucheka akakatisha. Ezelina aliiweka rimoti chini polepole, akaifuta kwa pindo la sweta, akaenda kukaa nyuma ya kochi. Nilijisikia vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilijisikia vizuri sana, na viazi vya mchana ule nilivila kwa hamu.

Siku mbili baadaye wote walikwenda mnadani, mimi nikabaki kwa kisingizio cha tumbo. Mashine ilikuwa imetunza safari yetu mahali pawili, na pale pa zamani Oliva alikuwa bado hai, nje ya mlango wa hekalu. Nilitaka kumwokoa mwenyewe ili wakirudi niwaonyeshe jinsi mtu anayejua anavyocheza. Nikaingia, nikabonyeza mapema. Akafa. Nikarudia, nikambonyezea dawa zote tulizokuwa nazo. Akafa. Mara ya tatu niliiweka rimoti sakafuni nikakunja mikono, naye akafa vilevile, kwa muziki uleule. Nikaelewa kwamba hakuna mtoto duniani ambaye angemwokoa. Waliolitengeneza gemu walikuwa wameshaamua. Nilizima mashine nikaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, na waliporudi nikawauliza wameniletea nini.

Ningesema neno moja tu. Lakini kusema kwamba Ezelina hana kosa ni kukiri kwamba boksi halikutaja kosa, na kukiri hivyo ni kukiri kwamba sijui kusoma. Nilipima ufalme wangu na mtoto yule, nikachagua ufalme. Na sikuishia hapo. Ezelina alinijia akaniomba arudie mara moja tu, hatachelewa. Nikamwambia tutaona, kwanza anioshee vyombo vya zamu yangu. Akaosha. Kesho yake nikamwambia tutaona, kwanza afue sare yangu. Akafua, kwa maji ya Juni ya Makambako, mpaka mikono ikapasuka na kutoa damu kwenye vifundo. Mama mdogo akamsifu kwa bidii. Alipomaliza kila kazi alikuja kusimama pembeni ya TV, akiwa ameficha mikono ndani ya sweta, akanitazama tu. Nikasema kesho.

Kesho haikufika. Mtu alitumwa kutoka stendi kumwita baba mdogo, naye aliporudi nyumbani hakuingia, alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa na kofia mkononi, na mama mdogo akapiga yowe kabla hajaambiwa kitu. Shangazi Oliva alikuwa amefariki alfajiri. Tulisafiri siku hiyohiyo kwenda Bulongwa kwa basi lile la baba mdogo, tukapita Njombe kuwachukua wazazi wangu, na watu wazima waliimba nyimbo za msiba huko mbele. Ezelina aliwekwa kando yangu, kwenye kiti cha nyuma. Hakulia. Tulipokuwa tumeanza kupanda milima ya Makete alinisogelea sikioni ili wengine wasisikie.

"Dada, ningebonyeza ipi?"

Nilikuwa na safari nzima ya kumwambia ukweli. Mbele yetu mama yangu alikuwa akimlilia wifi yake. Nikamwambia, "Nyekundu."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageukia dirisha, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikawa kinabonyeza juu ya goti, kinabonyeza, mpaka tulipofika msibani.

Gemu lile sasa ninalo kwenye simu. Mwanangu wa kiume alinitafutia, likiwa limefasiriwa kwa Kiingereza, na nimelicheza lote mwanzo hadi mwisho jioni za mvua hapa Njombe. Limezeeka vibaya. Watu wazima wenzangu mtandaoni wanalisifu kwa machozi, lakini nawaambia mimi, limezeeka vibaya. Wale watu wanatembea kana kwamba wamevaa viatu vya mtu mwingine, kila hatua nne wanavamiwa na popo walewale, na maneno ambayo niliyafanya makubwa vile ni salamu, bei za mikate na maelekezo ya njia. Hakuna ng'ombe. Msichana wa kuponya, ambaye miaka yote nilijua ana nywele nyeupe, ana nywele za kijani za kuchekesha. Muziki peke yake ndio bado mzuri. Nilipofika kwenye hekalu nilisimamisha gemu siku tatu kabla ya kuthubutu kuingia. Mwenye joho alikuja, akamchoma, wenzake wakainamisha vichwa, na lile boksi likatokea, mstari mmoja na maneno mawili chini yake. Mstari unauliza kama unataka kutunza ulipofika. Yale maneno mawili ni Ndiyo na Hapana. Huko mtandaoni nimekuta wanaume wenye ndevu wakisimuliana walivyojaribu kila njia kumwokoa yule msichana walipokuwa wadogo, na jinsi walivyofarijika kujua kwamba haiwezekani. Faraja hiyo nilikuwa nayo mkononi nikiwa na miaka kumi na miwili, nikaificha chini ya kitambaa cha kufuma.

Jumamosi moja nikaenda kijijini Yakobi. Ezelina analima huko na mumewe, wana watoto watatu, na tunaonana kwenye harusi na misiba kama ndugu wengine wowote. Nilimkuta anachimba viazi. Nilisimama kwenye mfereji kati ya matuta nikamweleza yote, mnada, mara tatu nilizojaribu, boksi, kile kitufe, kisha nikampa simu ajionee. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatazama mpaka mwisho bila kupepesa, akanirudishia.

"Kwa hiyo hakukuwa na kitufe."

"Hakikuwepo."

"Na mama alikuwa bado yuko hai ulipojua."

"Alikuwa hai."

Alichimba shina moja, akakung'uta udongo, akachagua viazi vikubwa akaweka pembeni. "Nilipokuwa kidato cha pili ndipo nilipoanza kujisamehe," alisema. "Nilikuwa nakwenda kanisani peke yangu siku za kazi, napiga magoti, naomba radhi kwa kumuua mama yangu. Nimemaliza juzi tu, nilipomzaa huyu wa mwisho. Sasa unakuja na simu, unataka nianze kazi ileile upya, safari hii kwa ajili yako." Hakupandisha sauti. Nikamwambia naomba anisamehe, nikataka kupiga magoti palepale kwenye tuta, akanishika mkono akanizuia kwa sababu chini kulikuwa na viazi ambavyo bado hajavichimba.

Nilipoaga alinijazia debe zima na kulifunika kwa majani, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni kama mimi. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amelibeba kichwani, akalitua mbele yangu.

"Msamaha sina, dada," akasema. "Viazi chukua."

Nilivichukua.