Maulidi ya Mwisho kwa Nyanya

Juzi mjini Kitale nilimkuta Baba Mdogo kwenye maulidi, amekaa mkeka wa mbele kabisa, anatikisa kichwa dufu zikilia. Yeye! Nilitamani kutoka nje.

Maana nakumbuka alasiri ile Bungoma, kwa Nyanya. Ua wote ulinukia ubani na vitunguu vya pilau. Mama Nekesa, jirani yetu Mkristo, alikuja na kuku hai kama kila mwaka, ili tumchinje wenyewe kisha tule pamoja. Nyanya alikuwa ameshaanza kasida, wanawake wakimwitikia, Baba Mdogo alipotokea mlangoni. Alikuwa amerudi wiki hiyo kutoka masomoni Uarabuni.

“Acheni! Huu ni uzushi,” alisema. “Kule hakuna mambo haya.”

Kwa jinsi alivyokunja uso, nilidhani ni moshi wa ubani uliomkera. Nikakimbia nikamwaga maji kwenye chetezo. Makaa yakalia shwaa, na sauti zote zikanyamaza.

Nyanya akanitazama. “Hata wewe?”

“Sasa hii kuku nimereta, narudi nayo?” Mama Nekesa aliuliza.

Nyanya hakusoma kasida tena mpaka tukamzika.

Na juzi, maulidi yalipokwisha, Baba Mdogo alinishika mkono, ana uchungu kweli. “Vijana wa siku hizi, bana, hata kasida moja hawajui! Kwani nyanya zao hawakuwafundisha?”