Dume Niliyemchagulia Wanjugu

Mimi niliachia darasa la sita, lakini kwa macho hunishindi. Dume wa mbuzi au wa bata namjua akiwa bado ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo mpwa wangu Wanjugu wa Waithaka aliponiita tukachague samaki, sikumpa hata nafasi ya kufikiri.

Miaka tisa Wanjugu ameosha matangi ya samaki katika kliniki za meno na ofisi za Hurlingham. Samaki wa watu. Mwaka huu Kamlesh, mwenye duka la samaki, akamwambia, "Dada, zalisha samaki malaika nyumbani kwako. Nikiona watoto wanaogelea kabla Juni haijaisha, chumba changu cha nyuma cha kuzalishia samaki utakiendesha wewe. La sivyo nampa Lazarus, kijana wangu wa dukani."

Samaki malaika ni bapa kama kiganja. Jike hupanga mayai juu ya jani, mstari kwa mstari, dume akipita nyuma kuyarutubisha. Kisha wote wawili huyapepea kwa mapezi.

Nikamchagulia jike, na dume mwenye paji lililovimba.

"Anko, una hakika?"

"Paji kama la chifu, na bado unauliza!"

Wakataga. Mayai mengi, jani lote likajaa! Nikajipiga kifua, "Umeona kazi ya dume wangu?"

Siku ya tatu yakawa meupe kama chaki. Yameoza. Wanjugu akabadilisha maji, akafunika tangi kwa shuka, akanikataza hata kukohoa. Mara ya pili, meupe. Mara ya tatu, Juni ikiwa imebakiza siku kumi, akamwita Kamlesh aje aone yakitagwa.

Kamlesh akachuchumaa, akatazama weee.

"Dada, nani alikuchagulia?"

"Anko."

"Wote wawili wanataga. Ndiyo maana mayai ni mengi hivi. Hapa hakuna dume."

Nikainama. Kweli, chifu wangu alikuwa akiacha mstari wake mwenyewe.

"Basi tutafute dume leo leo!" nikasema.

"Mzee, mpaka wazoeane ni miezi," akajibu. "Pole, dada."

Wanjugu hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sasa Lazarus ndiye mwenye chumba cha nyuma, na Wanjugu bado anabeba ndoo yake Hurlingham. Jana nilimpitia nikajaribu utani, "Niaje, mama samaki?" Akaniwekea chai bila kunitazama. Nyuma yake wale majike wawili walikuwa wakipepea mayai mapya kwa bidii, kana kwamba kuna kitakachotoka.