Mama Brashi na mgongo wa Pamba

Saa mbili asubuhi, Mama Brashi amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya chumba kilichowahi kuwa gereji. Mkono mmoja umeshika tochi. Mwingine unapita taratibu kwenye mgongo wa mbwa mweupe anayeitwa Pamba, unasimama, unarudi palepale. Mbwa anapiga miayo.

"Hakuna kitu," anasema Mama Brashi, kama anayejiambia mwenyewe.

"Dada, utamtoboa huyo mbwa kwa macho," anamtania mdogo wake, anayeanika mataulo mlangoni.

Mama Brashi hacheki. Wiki iliyopita pia hakukuwa na kitu.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita anaishi kwa kuosha na kuchana manyoya ya mbwa na paka. Jina la utani alipewa na wateja, na limemkaa: brashi ya waya ya kufumulia mafundo, ya mpira kwa wenye ngozi laini, na chanuo la meno mapana la kuanzia, vyote vinaning'inia kiunoni mwake.

"Watu wanadhani hapa tunapamba tu," anasema. "Manyoya yakisokotana, yanavuta ngozi. Ngozi inachubuka, inatunga usaha, na mnyama hana mdomo wa kusema. Mimi ndiye wa kumsemea."

Ndiyo maana mgongo wa Pamba unamkosesha usingizi.

Mwenye mbwa ni fundi cherehani, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka jana. Marehemu ndiye aliyekuwa akimchana Pamba kila jioni. Baada ya msiba, brashi ilibaki juu ya kabati, hakuna aliyeigusa, na manyoya yakajisokota mpaka mzee wa watu akasalimu amri. Alimleta hapa, akasimama mlangoni kwa haraka zake, akasema: "Mwanangu, mtoe manyoya yote, awe safi." Akaondoka.

Kwenye chumba hiki, kutoa yote maana yake ni mashine. Mama Brashi akamnyoa mbwa, akaacha ngozi tupu.

Lakini kwa fundi cherehani, kutoa ni kazi ya mwisho kabla mteja hajachukua nguo yake: kuokota nyuzi zilizobaki, moja moja, bila kugusa kitambaa. Alichotaka ni manyoya yaliyokufa yaokotwe. Basi.

"Aliporudi aliniuliza, 'Pamba yuko wapi?'" anasimulia Mama Brashi. "Na Pamba alikuwa miguuni pake, anamtikisia mkia."

Hamtupii mzee lawama hata kidogo. Mbwa wa aina hii ana manyoya ya tabaka mbili, laini ndani na marefu nje, na ya nje yakinyolewa yanaweza yasirudi. "Nilijua. Miaka yote hii kazini, nilijua. Ningeuliza swali moja tu, 'Baba, yapi?' Nikaona nitamchelewesha."

Siku hizi hapokei maelezo ya mdomo. Mteja lazima aonyeshe kwa kidole, juu ya mnyama wake, kipi kitoke na kipi kibaki. Wengine wanamcheka. Anawaacha wacheke.

Ubavuni na shingoni manyoya yamerudi. Mgongo, miezi mitano sasa, bado ni upara. Daktari wa mifugo amesema huenda yakaota, huenda yasiote. Kila Jumamosi mzee anamleta, naye Mama Brashi anamwosha, anamkanda ngozi kwa mafuta, anatafuta kwa tochi.

"Mkewe alimwachia mbwa huyu akiwa kamili," anasema. "Hana mwingine nyumbani. Naogopa nimemharibia kitu ambacho sina namna ya kukirudisha."

Fundi anaingia kumchukua Pamba, amebana mfuko kwapani. Anasalimia, anauliza, "Vipi leo?" Mama Brashi anatikisa kichwa. Mzee anafungua mfuko, anatoa koti dogo la kijivu, la mbwa.

Uso wa Mama Brashi unasawijika. "Umeshakata tamaa, baba?"

"Baridi hiyo inakuja, mwanangu. Atatetemeka."

Anachuchumaa, anamvika Pamba, anafunga vifungo chini ya tumbo. Shingoni limemkaa sawasawa. Kifuani pia. Mgongoni limebaki limetuna, nguo imezidi.

Mama Brashi, kwa kutojua mikono yake aifanyie nini, anaifinya ile nguo iliyozidi kwa vidole viwili. "Hapa limekuwa kubwa, baba. Lipunguze."

Mzee anamwondoa mkono, taratibu.

"Hapo usipaguse," anasema. "Hiyo ni nafasi ya manyoya."