Siku Niliyombariki Mtoto wa Dada

Mtanisamehe kwa mwandiko uliolala na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kila neno nalitamka kwanza ndipo naliandika. Lakini jambo hili bado linanishtua, na kulisimulia mbele ya watu siwezi.

Mwezi wa saba uliopita nilitoka Msalato, nilikokuwa kibarua wa ujenzi, nikaenda nyumbani Mlali. Dada yangu alikuwa amekuja kujifungulia kwetu, na mtoto wake wa kike alikuwa na wiki tano. Mimi ndiye kaka yake pekee. Nyumbani kwetu mjomba akimwona mtoto mara ya kwanza humtemea mate kidogo kifuani. Hiyo ndiyo baraka yake, na bibi hakubali mtoto atolewe nje kabla ya hapo.

Nilikuwa na mafua. Kazini sote tulikuwa nayo, tunachota maji kwenye pipa moja kwa kikombe kimoja. Pua ilichuruzika, koo liliwasha, na bado nilibeba zege. Nani anaogopa mafua?

Bibi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huko mjini umeoa asiyejua kupika?"

Nikaangalia chini. Ndani walikuwa wameziba dirisha kwa gunia ili upepo wa baridi usimpate mtoto. Dada akanipa mtoto. Alikuwa mwepesi mno, ana joto, ananuka maziwa. Nilitaka kusema, "Nina mafua, tungoje kwanza." Maneno yakakwama.

"Mjomba gani huyu anaogopa mtoto?" alisema shangazi, dada yake baba, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto. "Au mate yamekauka?"

"Anayaweka kwa siku ya harusi yake," bibi akadakia.

Wakacheka. Nikaona aibu, nikainama, nikatema. Wakapiga vigelegele.

Siku ya nne asubuhi mtoto aliacha kunyonya. Alipovuta pumzi, ngozi ilibonyea chini ya mbavu, na puani alitoa sauti kama paka anayekoroma. Bibi alisema ni upepo, akaongeza blanketi. Dada hakumsikiliza. Alimfunga mtoto kifuani tukapanda bodaboda mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alimvua mtoto blanketi zote, akamtazama kifua, akaita mwenzake alete oksijeni. Kisha akatugeukia.

"Nyumbani nani ana mafua?"

Nikakohoa.

"Wewe ulimshika mtoto?"

"Nilimbariki."

"Ulimbariki vipi?"

Nikaonyesha kifuani kwangu kwa kidole. Nilielewa kabla hajanieleza. Angenikaripia ingekuwa nafuu. Alisema taratibu tu kwamba haya mafua yanaletwa na virusi, vinatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa mate, kwa chafya, kwa mikono.

"Kwako ni kamasi, kaka. Njia za hewa za huyu ni nyembamba kama mrija wa ndani ya kalamu. Zikivimba kidogo tu, zinaziba."

Walinipa barakoa nikakaa nje kwenye benchi. Mtoto alilazwa siku nne. Siku ya tatu dada alitoka, akasimama mbali kidogo.

"Ulijua unaumwa?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu," alisema, akarudi ndani.

Mtoto alipona. Tuliporudi, dada aling'oa lile gunia dirishani ili hewa iingie, akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Bibi alikasirika.

"Wanangu wote walitemewa mate, na hakuna aliyenawa."

"Wote wapo, bibi?" dada aliuliza.

Bibi aliendelea kupepeta uwele wake.

"Wawili walikufa wachanga," alisema. "Kwa kifua. Wakati wa baridi kama huu. Tulisema ni upepo."

Ungo ukatulia mikononi mwake. Nilikuwa sijawahi kusikia habari za hao wawili, wala baba hakuwahi kuwataja. Bibi aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono muda mrefu.

Wiki hiyohiyo shangazi alikuja kumpa mtoto pole, amebeba kuku, anakohoa. Dada alikuwa ananyonyesha. Mlangoni nilikuwa mimi, na nilisikia maneno yakianza kukwama kama siku ile.

"Shikamoo, shangazi. Naomba usiingie."

"Nini?"

"Unakohoa. Kaa hapa nje, nikuletee kiti. Mtoto utamwona dirishani."

"Wewe! Unanizuia nyumbani kwa kaka yangu?"

Sikutoka mlangoni. Alimweka kuku chini akaondoka bila kuaga.

Mtoto sasa anatambaa. Shangazi hajarudi. Nimemtumia salamu mara tatu, hajajibu, na baridi nyingine inakaribia. Kama wewe unayesoma umewahi kumzuia mkubwa wako mlangoni kwa sababu ya mtoto, tafadhali niandikie. Niambie ulitumia maneno gani, na kama baadaye alirudi.