Tuzo Tatu za Swaibu

Kwenye kabati letu la vyombo hapa Kasingirima kuna tuzo tatu, na anayezifuta vumbi ni mimi. Mume wangu Swaibu, aliyezipata, hazigusi. Wageni wakiomba kuzishika nawaruhusu, kisha nawaletea chai ili wabadilishe mazungumzo.

Swaibu alikuwa mpiga video wa harusi. Aliyeoa Ujiji miaka ile bila Swaibu, ndugu zake walimuuliza kama kweli ameoa. Majivuno alikuwa nayo kidogo. Akiingia ukumbini na kamera begani, hata bwana harusi alimpisha. Harusi yetu wenyewe alitaka aishike kamera yeye, na hilo nimemtania miaka yote. Ndipo shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Burundi likamwita kambini, njia ya Kasulu, aongoze filamu ya maisha yao.

Huko akampata Nshimirimana, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Niyokwizera, kijana wa miaka ishirini. Mama yule alikubali kusema kwa sharti moja: filamu isifike Burundi. Swaibu akamwahidi. Mbele ya kamera mama akaeleza jinsi mumewe alivyouawa, na akamtaja muuaji, jirani waliyepakana naye shamba, jina lake na la baba yake. Nilipoiona kanda hapa nyumbani nilimwambia, "Baba Ikram, hilo jina likate." Akanijibu kwamba hapo ndipo filamu ilipo. Na kweli, hata mimi nililia mama alipolitaja, nikaacha kubishana naye. Nimeshajilaumu vya kutosha.

Tuzo ya kwanza ilitoka Dar es Salaam. Tulipika pilau, watu wakamvika kilemba cha ukoka, mtaa mzima ukawa unamwita Dairekta. Ya pili ilitoka Ulaya. Alipanda ndege, akarudi na koti zito lisilovalika hapa Kigoma. Katikati ya furaha hizo malori ya kuwarudisha wakimbizi yakaanza, na Niyokwizera akapanda mojawapo. Alikwenda kulidai shamba la baba yake. Mama alibaki, amfuate mambo yakitengemaa.

Ya tatu ilikuja kwa posta, pamoja na barua. Swaibu aliisoma amesimama, kisha akakaa sakafuni. Ilisema filamu imeshinda kwa ubora wa sauti, na kwa heshima ya ushindi huo televisheni ya Bujumbura itaionyesha Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alikimbilia ofisi ya shirika. Wakamtolea mkataba wenye sahihi yake: filamu ni mali ya shirika. Bwana wa pale, kwa upole kabisa, alimshauri aandike barua makao makuu, ijadiliwe mwezi ujao, halafu akampongeza. Akapiga simu ofisi yao ya Dar, akaambiwa mhusika yuko safarini. Akapiga Bujumbura, wakamwambia walichopewa na shirika watakionyesha. Mtu mzima aliyezoea kuwaambia watu sogea huku, geuka kule, hakuwa na hata mmoja wa kumsikiliza. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia.

Jumatano asubuhi tulipanda gari kituo cha Gungu kwenda kambini.

Nshimirimana alikuwa akianika mihogo. "Amahoro, bana banje," alitusalimu kwa Kirundi, akituita wanawe.

"Shikamoo, Mama." Swaibu akamweleza yote, hakuficha kitu. Mama aliendelea kupanga mihogo kwa muda, kisha akauliza, "Mwana wanje, lile jina linasikika?"

"Linasikika, Mama."

"Vizuri?"

Niliomba moyoni adanganye. Swaibu akasema, "Vizuri sana."

Hakumtukana. Alitaka tu kujua kama kuna njia ya kumpelekea mwanawe habari kabla ya Ijumaa. Kwao hakukuwa na simu, na barua za kambini zilikawia miezi miwili. Swaibu akasema atakwenda mwenyewe. Lakini upande wa pili walikuwa wanapigana, mpaka umefungwa, haivuki ila misafara ya malori ya wanaorudi. Hayo mama ndiye aliyemkumbusha, taratibu, kana kwamba mwenye shida ni Swaibu.

Mama akasema basi atarudi yeye, tukaenda naye kwenye meza ya kuandikisha wanaorudi. Lori la kwanza lenye nafasi lilikuwa la Jumanne, siku nne baada ya filamu. Lililompata Niyokwizera katika siku hizo nne hatujalijua hadi leo, wala mama hatujamsikia tena. Karani alimsukumia fomu. Mama hakujua kuandika, akampa Swaibu kalamu.

"Niandikie, mwana wanje."

Swaibu akaandika jina la mama. Penye sababu ya kurudi akakaa ameishika kalamu, mpaka karani akamwambia kuna watu wanasubiri.