Didi alivyoleta ubao wa surf Ziwa Kivu, akatulaza njaa kwa ajili ya picha

Wakuu, poleni na majukumu. Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu, siongezi chumvi, na hasira bado ninayo.

Ni miaka ile ya vita vya Congo. Sisi tulikulia Bukavu, tukarudi Rwanda, tukatua Cyangugu. Dada yangu, Maman Espe, ameolewa na Papa Espe, mvuvi wa sambaza, wale dagaa wetu wa Kivu.

Sasa akaja huyu Didi. Jirani yetu wa zamani Bukavu, tumecheza naye matopeni, baadaye akaenda kusoma Ulaya. Akarudi vacances, yaani likizo, na ubao mrefu kuliko mlango wa kwao.

Eti yuko kwenye surfing trip! Kwa msiojua, unasimama juu ya ubao, wimbi linakubeba.

Wimbi gani, wakuu? Kivu jioni limetulia kama uji uliopoa. Alijaribu, akaanguka, akajaribu tena, akaanguka. Batoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwenye akili angeishia hapo. Yeye akasema surf siyo lazima, picha zinatosha.

Akasimamisha tripod ufukweni, akaanza kutupa lecture. Jua likishazama, kabla giza halijaingia, anga inakuwa bluu. Unaiacha kamera wazi kwa muda, maji yanatoka laini, na mwenye ubao anaonekana kivuli cheusi. (Mweusi alikuwa tayari, lakini tuyaache hayo.) Nyuma yake alitaka karabai za wavuvi ziwe zinawaka.

Hapo kwenye karabai ndipo upuuzi ulipoanza.

Wakati ule mvuvi haruhusiwi kuwasha taa kabla mwanajeshi wa doria hajapuliza filimbi. Kwetu na Bukavu ni pua na mdomo, kwa hiyo taa ikiwaka mapema inachukuliwa kuwa ishara kwa watu wa ng'ambo. Kila mtu ufukweni alijua. Na filimbi ilikuwa inalia giza likishakuwa zito, bluu ya Didi imeshakwisha.

"Papa Espe, washa kidogo tu!"

"Tungoye filimbi, mutoto."

"Nitakupatia foto yako, ya mukubwa!"

Shemeji akaishika karabai yake. Picha zetu zote zilibaki Bukavu siku tulipotoka mbio, hata za harusi yake. Alitamani bintiye Espe awe na picha ya baba yake angali kijana.

Akawasha.

Didi akaitega kamera ijipige yenyewe, akasimama na ubao wake, kisha anarukaruka kwa furaha. Mara mwanajeshi huyo, anashuka mbio, bunduki mkononi.

"Nani aliwasha hii?"

Wote tukamwangalia Didi. Yule mtu akajibu kwa Kifaransa kwamba yeye ni mtalii, Swahili hasikii! Swahili ambayo mama yake alimgombeza nayo kila siku mbele yetu! Aibu niliiona mimi, yeye wala.

"Ni miye, chef," Papa Espe akamjibu afande.

Karabai ikachukuliwa. Na uvuvi wetu siyo wa mtu mmoja, wakuu. Mashua tatu zinafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mmoja, na karabai ndiyo inayowavuta samaki. Bila hiyo, kikosi kizima kilirudi nyumbani. Dada yangu, aliyekuwa anavusha sambaza kwenda kuuza Bukavu, alilia kwa uchungu. Watoto wakalala na chai tupu.

Asubuhi nani anashuka ufukweni na sahani mkononi? Didi! Amenyoa, ananukia marashi.

"Maman Espe, leo sambaza haiko? Niko na hamu yake kweli."

Dada akaipokea ile sahani, akaitazama ndani, akamrudishia.

"Kula foto, Didi."

 Didi akaondoka na sahani yake.

Karabai tulirudishiwa baada ya kuombaomba sana. Foto hatujaiona mpaka leo, na Espe ameshaolewa.

Nilichojifunza: mtu akikuomba uvunje utaratibu wa kwenu "kidogo tu", muulize kwanza ni nani atakayejibu wakubwa wakija. Akianza kigugumizi, mwache apige picha ubao wake.

Haya, aliyewahi kukutana na Didi wa kwao amlete hapa tumchambue. Na wenye kumtetea pia karibuni, nina muda wote leo.